Tumbusi Hana Mpaka

Moshi huamka mapema. Jua likiwa bado halijachomoza, stendi kuu imeshachangamka: akina mama wameteremsha mikungu ya ndizi kutoka Kibosho na Uru, makondakta wanaita Machame, Marangu na Rombo, na wageni waliovaa viatu vya kupandia mlima wanapakia mizigo juu ya magari huku wakigeuka kila mara kuitazama Kibo. Nami safari yangu ilikuwa ya mlima huo huo, ila nilikuja kuwafuata ndege: tai, kipanga, na zaidi ya wote tumbusi, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sifa mbaya tu.

Nilichagua Moshi kwa sababu ya mahali ilipo. Kaskazini ya mlima, ng'ambo ya mpaka, kuna Amboseli ya Kenya. Mashariki kuna Tsavo, kusini-mashariki Mkomazi, na upande wa magharibi nyanda za Longido zinaendelea kuelekea Ngorongoro na Serengeti. Kilimanjaro imesimama katikati ya hifadhi hizo zote, na ndege mwenye mabawa ya zaidi ya mita mbili hupita baina yake bila kuuliza ardhi iliyo chini ni ya nchi gani. Anayetaka kuelewa kazi ya kuwalinda ndege hawa katika Afrika Mashariki ataona mengi akizunguka mlima huu.

Hali yao ni mbaya. Mwaka 2015 shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, lilitangaza upya hadhi ya tumbusi wa Afrika. Aina nne ziliwekwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini: tumbusi mgongo-mweupe, tumbusi wa Rüppell, tumbusi kichwa-cheupe, na yule mdogo mwenye uso wa waridi na manyoya ya kahawia kisogoni. Wote wanne wanaishi Tanzania. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake, uliotoka wakati huo huo, ulionyesha kwamba aina nane za tumbusi barani zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka 30. Katika vifo vilivyorekodiwa, asilimia 61 vilitokana na sumu, asilimia 29 na biashara ya viungo vyao kwa waganga, na asilimia 9 na nyaya na nguzo za umeme.

Niliposoma takwimu hizo mara ya kwanza nilijiuliza ni nani anayewatilia sumu ndege wasioshika kuku wala kugusa mahindi. Jibu nilikwenda kulitafuta kwa miguu na kwa gari, nikianzia mahali wanakosomeshwa walinzi wa wanyamapori wa bara hili.

Barabara ya Mweka hupanda kutoka mjini moja kwa moja kuelekea mlimani. Joto la Moshi linabaki nyuma, hewa inapoa, na pande zote mbili migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara. Hivi ndivyo vihamba vya Wachagga: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kwenye unyevu, ng'ombe mmoja au wawili bandani, na mfongo ukileta maji kutoka juu. Juu ya vyote imesimama miti mikubwa, miruka na miringaringa, ambayo wazee waliiacha makusudi ili iipe mibuni kivuli.

Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kiko mwisho wa barabara hiyo, karibu na ukingo wa msitu. Kilianzishwa mwaka 1963, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey. Miaka miwili kabla, Septemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametoa katika mkutano wa Arusha tamko kwamba Tanganyika itakayojitawala itachukua dhamana ya kuwatunza wanyamapori wake, na kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu waliofunzwa. Mweka ilikuwa utekelezaji wa tamko hilo. Tangu hapo wahifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika wamepita hapa, na wengi wao wamekuwa wakuu wa hifadhi kwao.

Ndani ya makumbusho ya chuo, kati ya vichwa na ngozi za wanyama, mwalimu mmoja alinieleza kazi ya tumbusi kwa subira ya mtu aliyeifundisha miaka mingi. Nilimwamkia, akanikaribisha, akaanza.

"Watu hudhani wote ni ndege mmoja," alisema. "Tazama midomo yao. Kila mmoja ana kazi yake mezani."

Yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi usoni ana mdomo wenye nguvu ya kupasua ngozi ya nyati. Akikosekana, wengine husubiri. Mgongo-mweupe na yule wa Rüppell wana shingo ndefu zisizo na manyoya, za kuingia ndani ya mzoga na kutoka bila kubeba uchafu. Mdogo ana mdomo mwembamba wa kuokota vipande vilivyobaki baina ya mifupa. Kundi kubwa likishuka, mzoga wa swala huisha kabla nzi hawajataga mayai yao. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali kiasi cha kuua vijidudu ambavyo vingemlaza binadamu kitandani au kaburini.

Mwalimu alisisitiza hapo, na mimi nilimwelewa haraka, kwa sababu mikoa hii ya kaskazini inakijua kimeta. Ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi na wanyamapori ambao humwingia mtu akichuna au akila nyama ya mnyama aliyekufa nao. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Kila saa ambayo mzoga unabaki wazi ni nafasi kwa fisi, mbweha na mbwa wa kijiji kukusanyika, kuumana na kuambukizana. Tumbusi akifika mapema hupunguza mikusanyiko hiyo. Anafanya kazi ya bwana afya wa pori, bila mshahara wala likizo.

India ilijifunza thamani ya kazi hiyo kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 wafugaji wa huko walianza kuwatibu ng'ombe kwa diklofenaki, dawa ya maumivu tunayoijua sote. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa hiyo aliharibikiwa figo na kufa. Katika muda mfupi zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina kuu za India walitoweka. Mizoga ikabaki, mbwa wazururaji wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan ulikadiria kwamba kutoweka kwa ndege hao kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Mtu anayesema ndege hawa si lazima kwa maisha yetu ayatafakari makadirio hayo.

Kutoka chuoni nilishuka kwa miguu hadi kwenye kihamba cha mzee mmoja aliyekuwa akichuma kahawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani nilimuuliza juu ya ndege wakubwa wanaokaa kwenye miti yake. Alinionyesha kwa kidole. Juu ya mruka alikuwa ametulia kipanga wa milimani, mgongo mweusi, kifua cheupe, mkia mwekundu kama udongo wa Kibosho.

"Huyo tunakaa naye," alisema mzee. "Vijana walitaka kumpiga manati, wanasema anakula vifaranga. Nikawaambia, mwangalieni siku nzima kwanza. Anaokota fuko na panya. Fuko anakula mizizi ya migomba yangu. Sasa adui yangu ni nani?"

Maneno yake yanakubaliana na waliyoyaona watafiti: chakula kikuu cha kipanga huyo ni fuko, panya na mijusi. Kifaranga hukosekana siku moja moja, na mara nyingi aliyemchukua ni mwewe, ndege mwingine kabisa. Mzee hakuhitaji semina. Alihitaji mti mkubwa, macho, na muda wa kutazama. Vihamba vyenye miti ya namna hiyo vinapungua kadiri ardhi inavyogawanywa kwa warithi na kadiri mbao zinavyopanda bei, na kila mruka unaoanguka huondoka na kiota kilichotumiwa mwaka hadi mwaka.

Juu ya vihamba kuna msitu, na humo anaishi tai mwenye kishungi, mwindaji wa nyani na mbega. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973 ilianzia juu ya msitu; mwaka 1987 iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia; na mwaka 2005 msitu wenyewe uliunganishwa na hifadhi. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito mkubwa kwa ndege huyu, maana yeye hutaka msitu mzima, wenye miti mirefu ya kuwekea kiota na mbega wa kutosha kumlishia kinda. Akisikika anaita juu ya vilele vya miti, ujue kwamba chini yake msitu bado una uhai.

Siku iliyofuata tulielekea magharibi. Gari lilifuata barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, likakunja kulia kwenda Sanya Juu, kisha likapanda kupitia Ngarenairobi, mahali mashamba ya viazi na karoti yanapopakana na shamba la miti la West Kilimanjaro. Kwenye lango la Londorossi tulijiandikisha, na mwongozaji wetu, kijana wa Siha aliyesomea kazi hiyo, akaketi mbele kumwelekeza dereva. Njia ilipita msituni kwenye ukungu, ikatokea kwenye vichaka vya mierika, na ghafla tukawa kwenye uwanda wa Shira, mpana na wenye upepo, nyasi za manjano zikiinama, na Kibo ikiwa karibu kiasi cha kuona nyufa za barafu yake.

Hapa ndipo nilipotamani kumwona tai mla mifupa. Ni ndege wa miamba mirefu, mwenye ndevu nyeusi chini ya mdomo, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake ni mifupa mitupu. Mfupa mkubwa huubeba angani na kuuangusha juu ya mawe hadi upasuke, kisha humeza vipande. Nchini Tanzania anaonekana kwenye milima mirefu ya kaskazini, Kilimanjaro ukiwa mmoja wao, na huonekana kwa nadra.

Tuliwaona kunguru wenye shingo nyeupe, wengi, wakituzunguka kutafuta makombo. Tulimwona kipanga wa milimani akining'inia kwenye upepo bila kupiga bawa. Mla mifupa hakutokea. Mwongozaji aliniambia kwamba katika miaka yake ya kupanda mlima amemwona mara chache sana, na kwamba wapo wenzake ambao hawajapata kumwona.

"Kaka, ukimwona unajua," alisema. "Mkia wake una umbo la kabari, na hapigi kelele. Anapita tu."

Nilikaa juu ya jiwe nikiwaza habari ya Alps, milima ya Ulaya, ambako ndege huyu huyu aliwindwa hadi akamalizika mwanzoni mwa karne ya 20. Watu walimsingizia kwamba anabeba kondoo na hata watoto. Ilipofika mwaka 1986 wahifadhi walianza kumrudisha, wakiwaachilia huru huko Austria makinda waliozaliwa katika bustani za wanyama. Kinda wa kwanza kuzaliwa porini alipatikana Ufaransa mwaka 1997, miaka kumi na moja baadaye. Hadi leo zaidi ya ndege 200 wameachiliwa, kwa fedha na kazi ya nchi kadhaa kwa pamoja. Ulaya ina uwezo wa kulipia kosa la namna hiyo. Sisi wa huku tunaye ndege wetu porini bado, wachache, na kumlinda aliyepo kutatugharimu sehemu ndogo sana ya gharama ya kumrudisha aliyepotea. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa viumbe wa namna hii mara nyingi tiba haipatikani.

Tuliteremka kwa upande wa kaskazini-magharibi hadi nyanda za Enduimet, na hapo nikalipata jibu la swali langu.

Enduimet ni eneo la hifadhi ya jamii, yaani vijiji vyenyewe vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na vinapata mapato kutokana na utalii. Linagusa mpaka wa Kenya. Ndani yake na pembezoni mwake tembo hupita kati ya Amboseli na msitu wa Kilimanjaro kupitia ushoroba wa Kitendeni. Vumbi ni jeupe, migunga imesimama mbali mbali, na mlima unaonekana kutoka upande ambao watu wa Moshi hawauoni. Asubuhi, hewa inapopata joto, tumbusi huanza kupanda. Niliwahesabu tisa wakizunguka kwenye duara moja, wakipanda bila kupiga mabawa, kisha mmoja mmoja wakateleza kuelekea Kenya. Dakika chache tu, wakawa wamevuka mpaka ambao mimi ningehitaji pasipoti kuuvuka.

Ndege hawa hutafuta chakula kwa macho. Kila mmoja huwatazama majirani zake angani. Mmoja akishuka, wa mbali humwona, naye akifuata, wa mbali zaidi humwona yeye. Ndiyo maana mzoga mmoja huweza kuwakusanya mia moja kutoka pande zote. Tumbusi wa Rüppell, ambao huzaliana kwenye miamba kama ile ya milima ya Gol katika Ngorongoro, huweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kutoka kiotani kutafuta chakula. Mwaka 1973 mmoja wao aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, katika kimo cha mita 11,300 hivi, karibu mara mbili ya Kilimanjaro yenye mita 5,895. Na tumbusi waliofungwa vifaa vya setilaiti Maasai Mara walionekana wakivuka kwenda Serengeti na kurudi kana kwamba ni uwanja mmoja, nao kwa hakika ni uwanja mmoja.

Kwenye boma moja tulipokewa na mzee wa Kimaasai pamoja na mwanawe aliyesoma sekondari. Baada ya salamu na chai ya maziwa, nilimuuliza mzee kuhusu sumu. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu bila kuficha.

"Fisi akila mbuzi mmoja, tunasamehe. Lakini simba akiingia zizini akaua ng'ombe watatu kwa usiku mmoja, hiyo ni karo ya shule, hiyo ni mahari, hiyo ni maziwa ya watoto. Zamani morani walichukua mikuki. Siku hizi morani wako mjini wanalinda mageti. Aliyebaki nyumbani ni mama na watoto. Duka la pembejeo lina kichupa kidogo. Unafikiri watu watafanya nini?"

Mwanawe akaongeza kwamba mtu anayetia sumu kwenye mzoga wa ng'ombe wake humlenga simba au fisi arudi ale tena usiku. Tumbusi hayumo katika mawazo yake. Lakini simba hurudi giza likiingia, na tumbusi hufika mchana. Hivyo wa kwanza kufa ni wale wasio na hatia, na wanakufa kwa makumi.

Kisa cha namna hiyo kilitokea nchini mwetu mwezi Februari 2018 karibu na Hifadhi ya Ruaha: simba sita na tumbusi 74 walikutwa wamekufa kwa sumu. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Botswana ilipata msiba mkubwa zaidi. Majangili waliwaua tembo watatu na kuitilia sumu mizoga yao. Tumbusi 537 walikufa, pamoja na tai wawili. Majangili wana sababu yao ya kuwachukia ndege hawa: wakizunguka juu ya tembo aliyeuawa, askari wa hifadhi huona angani na kufika haraka. Tumbusi ni mlinzi wa doria, na jangili humuua kama mtu anavyomuua shahidi.

Hasara ya vifo hivyo hailipiki kwa miaka michache. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kinda huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Mzazi akifa wakati wa kiangazi, msimu wa makinda, kinda aliye juu ya mgunga hufa kwa njaa. Ndege wa namna hii hutegemea kuishi muda mrefu, na sumu hukata maisha marefu.

Niliuliza ni nini kinachosaidia, na majibu niliyopata kwenye safari hii yalifanana, awe anayejibu ni mwalimu, mfugaji au askari wa wanyamapori wa kijiji.

La kwanza ni zizi imara. Huko Simanjiro, kusini mwa Moshi, wafugaji wakishirikiana na shirika la African People & Wildlife wamejenga kuta hai: miti ya jamii ya manemane inapandwa kuzunguka boma, na wavu wa waya unafungwa kati yake. Miti ikishika mizizi, nguzo haziozi wala hazihitaji kukatwa msituni kila mwaka. Simba hawezi kupita, ng'ombe hatoki kwa hofu, na sababu ya kununua kichupa inaondoka. Ng'ambo ya mpaka, Amboseli, tangu mwaka 2007 morani wameajiriwa kama walinzi wa simba: wanafuata nyayo, wanawaonya wafugaji kundi linapokaribia, na wanatafuta mifugo iliyopotea kabla ya giza.

La pili ni haki ya mfugaji. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi kwa waliopata hasara au kuumizwa na wanyamapori. Nilichosikia bomani ni kwamba fedha hizo zikichelewa, hasira hufika kwanza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tunaokaa mjini tukifurahia picha za simba hatuna haki ya kumlaumu mama aliyeamka na kukuta zizi limejaa damu, ikiwa hatuko tayari kumsaidia kulijenga upya.

La tatu ni kudhibiti sumu yenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu. Lakini viuatilifu vikali, kama vile vya aina ya karbofurani, ni vya shambani, na hatari huanza vinapouzwa kwa yeyote bila kuulizwa ni vya zao gani. Muuza pembejeo naye ni mhifadhi, apende asipende. Na pale sumu ikishatumika, kasi ndiyo dawa: kutoa taarifa, kuuchoma mzoga ili wengine wasifike, na kuwapeleka kwa daktari wa mifugo ndege ambao bado wanapumua. Mzoga mmoja ulioteketezwa asubuhi unaweza kuokoa kundi zima lililokuwa linakuja mchana.

La nne ni nchi kufanya kazi pamoja. Oktoba 2017, mjini Manila, nchi wanachama wa mkataba wa viumbe wanaohamahama, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilipitisha mpango wa pamoja wa kuokoa aina 15 za tumbusi katika Afrika, Ulaya na Asia. Mpango huo ni mzuri kwenye karatasi. Utekelezaji wake uko Longido na Kajiado, Siha na Loitokitok, kwa askari wa upande huu kumpigia simu mwenzake wa upande ule anapouona mzoga wenye mashaka. Ndege walionipita Enduimet asubuhi ile huenda walikula Kenya mchana huo. Tukiwalinda sisi na jirani asiwalinde, tumefanya nusu ya kazi; na jirani akiwalinda nasi tukauza sumu kiholela, tumeiharibu kazi yake yote.

Nilirudi Moshi jioni kwa njia ya Sanya Juu. Nikiwa garini nilikuwa nimeshaamini jambo moja, na ndilo ninalotaka msomaji wangu abaki nalo. Ulinzi wa tumbusi huanzia zizini. Kila ng'ombe anayelala salama huondoa sababu ya mzoga mmoja kutiwa sumu, na kila mzoga usiotiwa sumu huwaacha hai ndege ambao wametusafishia ardhi tangu kale bila kutudai chochote.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni mfugaji, imarisha boma lako na udai haki yako kwa ofisa wanyamapori kabla ya kufikiria kichupa. Ikiwa unauza pembejeo, muulize mteja wako. Ikiwa una kihamba, uache ule mti mkubwa. Ikiwa ni mwalimu, Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni siku ya tumbusi duniani. Wapeleke wanafunzi nje wawatazame. Na ukimkuta tumbusi amelala karibu na mzoga, usiguse kitu, waite askari wa hifadhi au viongozi wa kijiji mara moja. Ndege hawa bado wapo juu ya Kilimanjaro. Kubaki kwao kunategemea tutakayoyafanya sisi tulio chini yake.